Milango ya Gari la Sista

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, mimi na mume wangu tulikuwa na banda la magari Mbale, Uganda, upande wa Namatala, nyuma ya wauza mkaa. Yeye alikuwa fundi wa bodi. Alinyoosha mabati yaliyopondeka, akachomelea, akapiga rangi. Mimi nilishughulika na ndani ya gari. Nilishona viti, nikabandika vitambaa vya dari, nikatengeneza vile vibao vyembamba vinavyofunika milango kwa ndani, ambavyo abiria huegemeza mkono safari nzima bila kuvitazama. Sote wawili kwetu ni Bungoma, ng'ambo ya mpaka. Tulikuja Mbale wakati barabara kuu ilikuwa imejaa malori na kazi haikuisha.

Jioni moja aliingia bandani mkunga wa hospitali, bado amevaa gauni lake la kazi. Mtaa mzima tulimwita sista. Aliishi mtaa wa Nkoma na watoto wake, na mtoto wangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake, siku ambayo damu ilikataa kukatika na yeye akakataa kuniacha. Nilipomwona nilidhani amekuja kumjulia hali mtoto. Nikamkaribisha kwa Kiswahili, kwa mazoea ya kushinda na madereva.

Akashtuka. Akasema kwa Kigisu, polepole, "Mama, tafadhali, tuongee kwetu." Kibukusu changu na Kigisu chake vinasikilizana, kwa hiyo nikabadilisha, na tangu siku hiyo hatukuongea Kiswahili, lugha ya askari, mimi na yeye.

"Mume wako anaweza kuiamsha gari iliyolala nje kwenye mvua?" akauliza.

"Gari iko wapi?"

"Jinja."

"Na baba watoto?"

Alitazama chini. Halafu akakaa kwenye kiti cha lori nilichokuwa nakishona, akaniambia.

Mumewe alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha Jinja. Siku za kazi alilala huko, Jumamosi alirudi nyumbani kwa gari lake, gari la Kifaransa lenye pua ya mviringo ambalo alilinunua kwa padri mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa gari la zamani hata wakati huo. Alilipenda kiasi kwamba watoto walikatazwa kula ndani yake hata ndizi. Jumamosi moja, kwenye kizuizi cha barabarani nje kidogo ya Jinja, askari walimsimamisha pamoja na mwenzake wa kazini aliyempa lifti. Walisema anaficha pesa za kigeni. Walipekua viti, wakapekua buti, kisha wakachomoa vibao vya milango yote minne kwa visu vya bunduki. Ndani walikuta waya, kutu na vumbi. Hilo halikuwaridhisha. Walimpakia kwenye lori lao, na yule mwenzake wakamwambia atembee bila kugeuka nyuma.

"Nimeuliza kila mahali mtu anapoweza kuuliza," sista alisema. "Sasa nataka gari lake lirudi nyumbani. Nataka milango iwe kama ilivyokuwa. Akirudi alikute hivyo."

Usiku tulipokula, mume wangu hakutaka kusikia. "Sisi ni wageni hapa," alisema. "Wakenya wenzetu wanavuka Malaba kurudi kwao, wewe unataka twende Jinja tukavute gari la mtu aliyechukuliwa? Wakituuliza ni la nani, tutasema nini?"

Nilimwambia kwamba hata mimi naogopa. Kisha nikamwambia aangalie mtoto aliyelala pale mkekani. Asubuhi nilimkuta amefunga spana zake kwenye gunia.

Tulikwenda kwa basi, sisi wawili na sista. Wafanyakazi wenza wa mumewe walikuwa wamelisukuma gari hadi kwenye ua wa nyumba moja, upande wa Kimaka, mahali ambapo magari ya jeshi yalipita tangu asubuhi na watu walisemezana kwa sauti ya chini wakiwa kwenye vibaraza vyao wenyewe. Walilifunika kwa majani ya migomba. Tulipoyaondoa, harufu ya unyevu ilitupiga usoni. Milango ilikuwa imebaki chuma kitupu, na mashimo makubwa ambamo uliona vyuma vya kupandishia vioo na nyaya zilizokatwa. Vibao vyenyewe vilitupwa kwenye kiti cha nyuma. Vilikuwa vimechanwa kutoka kona hadi kona, na mvua ilikuwa imevifurisha kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Sista alichukua kile cha upande wa dereva. Kilikuwa na mfuko mdogo ulioshonwa chini yake. Alitia mkono, akakuta maji.

Mume wangu alihangaika na gari hadi likawaka. Tukaondoka, yeye kwenye usukani, mimi kando yake, sista nyuma. Kwenye kizuizi kilekile tulisimamishwa. Nilihisi sista ameshika nyuma ya kiti changu kwa mikono miwili.

"Hii mlango nani alikula?" askari aliuliza kwa Kiswahili chao.

"Iliharibika, afande," mume wangu alijibu. "Tunapeleka kutengeneza."

Askari akaingiza mkono kwenye shimo la mlango hadi kwapani. Akapapasa chini, akautoa umejaa kutu, akaufuta kwenye suruali yake. "Hakuna kitu," akasema. "Pita."

Baada ya Iganga mvua ilitupata. Watu wengi hawajui kwamba mlango wa gari huingiza maji hata kioo kikiwa kimefungwa. Maji huteremka kwenye kioo, hupenya pale kioo kinapozama mlangoni, huanguka ndani, kisha hutokea kwenye vitundu vidogo vilivyo chini kabisa. Kinachoyazuia yasije kwa abiria ni shuka la karatasi ya lami au nailoni linalobandikwa kwenye chuma, nyuma ya kibao. Sisi hatukuwa na shuka wala kibao. Maji yaliturukia mapajani, yakajaa miguuni. Tulipofika Tororo viatu vya sista vilikuwa vinaelea. Hakulalamika. Alikuwa amekikumbatia kile kibao cha dereva kifuani akikikinga, ingawa hakikuwa na kitu cha kukingwa tena.

Nilianza kazi wiki hiyohiyo. Enzi hizo maduka ya vipuri yalikuwa yamebaki na rafu tupu tangu wenyewe Wahindi walipofukuzwa nchini, kwa hiyo kila kitu kilitafutwa kwa njia nyingine. Mbao nyembamba nilizipata kwenye makasha ya majani ya chai. Nilizilaza juu ya vibao vya zamani, nikachora kwa penseli, nikakata, nikatoboa nafasi za vishikio na za mipini ya vioo. Vile vibanio vya chuma vinavyoshika kibao mlangoni nilivikunja mwenyewe kutoka kwenye spoku za baiskeli. Reksini nyekundu, ile ngozi ya bandia iliyovikwa vibao vya zamani, ilikuwa taabu zaidi. Mwishowe niliipata kwenye viti vya ukumbi wa sinema uliofungwa, ambavyo mtu mmoja wa sokoni alikuwa anavikalia na kuviuza. Ilikuwa imefifia kidogo, lakini nilipoiosha kwa maji ya sabuni na kuipaka mafuta, sista alisema ndiyo rangi yenyewe.

Shuka la kuzuia maji ndilo lililotushinda. Lami ya barabarani ilinuka na kuyeyuka juani, na karatasi ya magunia ya saruji ilikunywa maji. Ndipo sista akaja na furushi chini ya kapu la mboga. Lilikuwa mpira wa kitandani, ule ambao wauguzi huuita makintoshi na kuutandika chini ya mama anayejifungua. Ulikuwa umepasuka katikati na hospitali ilikuwa imeutupa.

"Kingo zake bado ni nzima," alisema. "Maji hayapiti. Mimi najua."

Tuliukata pamoja, yeye akishika, mimi nikipitisha mkasi. Niliubandika kwa gundi ya washona viatu, nikaiacha sehemu ya chini iingie ndani ya mlango ili maji yaelekezwe kwenye vile vitundu. Kila jioni akitoka zamu sista alipita bandani, akaketi ndani ya gari upande wa abiria, mikono mapajani. Mara nyingine alizungumza juu ya wagonjwa wake. Mara nyingine alikaa tu, nami nikaendelea kupiga nyundo polepole kuliko kawaida, kwa sababu sikutaka kumaliza kabla hajapata habari yoyote ya mtu wake.

Nilikuwa nimebakiza mlango mmoja wa nyuma siku aliyokuja anakimbia, kitambaa cha kichwa kikiwa mkononi.

"Amekuja," alisema. "Yuko nyumbani. Amelala sakafuni, hataki kitanda, lakini yuko."

Walimwachia Jinja bila kumwambia kwa nini, kama walivyomchukua bila kumwambia kwa nini. Alifika Mbale juu ya lori la mahindi. Sista alilia pale bandani kwa sauti, mara ya kwanza mbele yangu, na mume wangu akaenda kusimama nje ili tubaki wawili. Halafu akafuta macho, akauliza, "Utamaliza lini? Nataka aje alione."

Nilimaliza. Niseme ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Vibao vilikaa kwenye milango bila kuacha mwanya, mshono umenyooka, na kwenye ule wa dereva niliweka mfuko kama wa zamani.

Sista alikuja na mumewe asubuhi. Alikuwa mtu mrefu, na shati lilimning'inia mabegani kama limetundikwa ukutani. Kwa furaha yangu nilisahau. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Karibu, bwana! Njoo uone gari lako!"

Mikono yake ilipanda juu. Hakuiinua yeye, ilipanda yenyewe, na macho yake yakatazama mahali pengine kabisa. Sista akaushika mkono mmoja, akaushusha, kisha wa pili. Akamwambia taratibu kwamba mimi ni mama wa kutoka Bungoma, ndiye fundi. Nikamsalimu upya kwa Kibukusu. Aliitikia.

Alilizunguka gari bila kuligusa. Akafungua mlango wa dereva, akakitazama kibao chekundu. Akakibonyeza kwa kiganja, kisha akakigonga kwa vifundo vya vidole, na kikatoa ule mlio wa kitu kilicho na uwazi nyuma yake.

"Ndani kuna nini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu, baba. Waya za umeme na mpira wa kuzuia maji."

"Wewe unajua hakuna kitu. Mimi najua. Wao wakiniuliza nitasemaje?"

"Utasema hakuna kitu," mkewe alimjibu.

"Nilisema," alisema. "Nilisema hakuna kitu. Nilisema mpaka..." Akagonga kibao tena, safari hii kwa nguvu. "Viondoeni."

"Mvua itaingia," sista alisema.

"Iingie. Wakisimama mlangoni waone chuma kitupu. Waone wenyewe wasiniulize."

Nilimtazama sista. Alikuwa amesimama akiushikilia mfuko wake wa mkononi tumboni, na niliona jinsi jioni zote zile zilivyompita usoni. Nilidhani atabishana. Nilitamani abishane, maana ile ilikuwa kazi ya mikono yangu pia. Lakini alisema, "Viondoe, mama."

Nikachukua bisibisi. Kila kibanio kilipochomoka kilitoa mlio mkali, na kwa kila mlio yule mtu alifumba macho, kwa hiyo nilianza kuweka kiganja juu ya kibanio ili mlio uzimike. Nilipomaliza vibao, yeye mwenyewe akabandua mpira. Akaingiza mkono kwenye mlango hadi begani, akapapasa chini kabisa, mlango mmoja baada ya mwingine, vilevile kama alivyofanya yule askari. Alipotoa mkono wa mwisho umejaa gundi na vumbi, akapumua. Sista alivifunga vibao vyangu kwenye shuka, vinne vyote, akavichukua kichwani. Walirudi Nkoma kwa miguu, gari wakaliacha.

Siku ile sikuweza kushika kazi nyingine. Nilikuwa na hasira na sikujua namkasirikia nani. Mtu yule asingeweza kuendesha hadi Jinja na kurudi majira ya mvua na milango ile, sakafu ingeoza kabla ya mwaka. Lakini nilikuwa nimeona mikono yake ikipanda.

Nyumbani, mezani kwetu, kulikuwa na nailoni ile inayoonyesha, inayotandikwa juu ya kitambaa ili maua yaonekane na mchuzi usiharibu. Niliinunua Bungoma nilipoolewa. Nilitoa vikombe juu yake, nikaikunja. Mume wangu alinitazama.

"Ndiyo hiyo unampelekea?"

"Ataona ndani, na maji hayatapita."

"Nitakushikia," akasema.

Tulitumia ile nailoni nzima ya meza na bado mlango mmoja ulipungua, tukauunganisha kwa vipande viwili. Halafu nikamwita mume wa sista. Alikuja peke yake, akasimama mbali, na mimi sikumsemesha chochote isipokuwa salamu ya kwetu. Alisogeza uso karibu na mlango, akachungulia kupitia nailoni kama mtu anayetazama ndani ya nyumba kutoka dirishani. Aliona nyaya. Aliona vyuma vya kioo. Aliona sakafu ya mlango.

Nikachukua ndoo, nikamwaga maji kwenye kioo kwa nje. Tuliyaona yakiteremka nyuma ya nailoni, yakipita kwenye nyaya, yakikusanyika chini, kisha yakitoka kwenye vitundu na kudondoka mchangani. Miguuni hapakuwa na hata tone.

"Mwaga tena," alisema.

Nikamwaga. Alichuchumaa akaweka kiganja chini ya mlango, maji yakamdondokea mkononi. Alikaa hivyo hadi tone la mwisho. Kisha akasimama, akasema, "Hii nitaiweza," akaomba ufunguo.

Aliendesha gari lile hivyohivyo kwa miaka iliyobaki ya utawala ule. Alirudi kazini Jinja, Jumamosi akaja nyumbani. Watoto wa Nkoma walilicheka, wakasema gari la baba fulani linaonyesha matumbo. Kwenye vizuizi askari walimulika tochi, wakaona kila kitu, wakamwambia apite. Si kwamba aliacha kuogopa. Sista aliniambia kwamba kila Jumapili usiku kabla ya safari alitapika. Lakini alikwenda. Kila nailoni ilipokunjamana na kupoteza mwanga, alikuja nikambadilishia na nyingine iliyoletwa na madereva kutoka Kenya. Hakuniuliza kamwe juu ya vibao. Sista aliniambia viko chini ya kitanda, na kwamba huvitoa juani mara kwa mara visipate ukungu.

Kisha vikaja vita, na jeshi lile likaanza kukimbia kuelekea kaskazini. Walipitia Mbale kwa siku kadhaa, wakichukua magari, baiskeli, magodoro, kuku. Sisi tulijifungia ndani Namatala na watoto chini ya meza. Watu walisema Nkoma wamechukua kila chenye magurudumu, na mimi nikamfikiria yule mtu nikiwa na hofu ya kile ambacho mwili wake ungefanya wakigonga mlango wake.

Nilipoweza kutoka nilikwenda. Nilimkuta sista uani anafua. Pale gari lilipokuwa linasimama palikuwa na doa la mafuta tu.

"Wamelichukua," alisema. "Walikuwa watatu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoka na ufunguo. Aliwawekea mkononi, akawaonyesha gia ya kurudi nyuma inavyosumbua."

"Na yeye?"

Alinionyesha kwa kidevu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa amelala kitandani, chali, mdomo umeachama, anakoroma mchana kweupe.

"Amelala tangu jana," sista alisema. "Nimekwenda kumsikiliza kifua kama mtoto mchanga. Ni usingizi tu." Akaendelea kusugua nguo. Baadaye akasema bila kuinua kichwa, "Nililipenda lile gari, mama. Nilidhani yeye ndiye analipenda."

Nilikunja mikono ya gauni langu, nikachukua nusu ya nguo, tukafua pamoja.

Askari wapya kutoka Tanzania walipofika mjini, nao waliongea Kiswahili, lakini chao kilikuwa na salamu. Mmoja, kijana mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, alimpita mume wa sista mbele ya hospitali akamwambia, "Shikamoo, baba." Nilikuwa karibu. Nilimwona anakaza mgongo, anasubiri kinachofuata. Kijana alikuwa amekwisha pita, anamsalimu mtu mwingine.

Kiwanda cha Jinja kilipofunguliwa tena alipanda basi kwenda kazini. Siku ya kwanza sista alimsindikiza hadi kituoni, na mimi nilikuwa hapo kumpokea dereva mmoja aliyeniletea uzi. Mumewe alichagua kiti cha mbele, nyuma ya dereva, karibu na mlango. Sista alingoja hadi basi lilipokata kona. Halafu akaangalia saa yake, akasema amechelewa zamu, kuna mama wa mapacha anamsubiri, akaenda zake haraka upande wa hospitali.